Zamu ya kwanza ya watoto idara ya dharura: mwangalie mtoto kabla ya kipimajoto

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi kwa kuwa wiki ijayo unaingia idara ya dharura, na umesema homa kali za watoto ndizo zinazokuogopesha. Nimeuguza dharura miaka 11. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu hofu hiyo hiyo iliwahi kunipotosha.

Ilikuwa zamu ya usiku, benchi limejaa. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa na nyuzi 40.2, analia mpaka sauti inakauka, anarusha mateke. Nikamkimbilia. Pembeni alikaa mama mwenye mtoto wa miezi tisa, kamfunika shuka. "Mama, wako anaendeleaje?" Akasema, "Alikohoa siku mbili, ila leo afadhali, ametulia, hasumbui." Kipimajoto kikasoma 37.6, nikamwambia asubiri. Dakika kama 20 baadaye nilifunua lile shuka. Kila akivuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani, na mabawa ya pua yanacheza. Nikahesabu pumzi 72 kwa dakika. Oksijeni kwenye damu ilikuwa asilimia 84. Alinyamaza kwa sababu pumzi ya kulilia hakuwa nayo. Ilikuwa nimonia kali. Alipona, lakini zile dakika 20 bado ninazo moyoni. Yule wa 40.2 alikuwa na maambukizi ya sikio; paracetamol ilipomwingia alikuwa anakimbia koridoni.

Kwa hiyo anza ukiwa umesimama, hujamgusa. Anakufuata kwa macho? Anamng'ang'ania mama yake, au amelegea tu? Anapumua kwa taabu? Rangi yake ikoje? Kisha mwache apakatwe hapo hapo, funua kifua, uhesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, maana pumzi za mtoto mdogo hazina mpangilio. Akilia, subiri atulie. Chini ya miezi miwili, 60 na zaidi ni haraka mno; miezi miwili hadi 11 ni 50; mwaka mmoja hadi chini ya mitano ni 40. Kifua kikibonyea, au akiwa hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au haamki vizuri, huyo hapangi foleni.

Homa yenyewe namba yake haikwambii ugonjwa una uzito gani. Walio chini ya miezi mitatu ni habari nyingine: nyuzi 38 tu zinatosha kumwita daktari mara moja hata kama mtoto anaonekana mzima. Kwa watoto waliozidi umri huo, paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito ni ya kumpunguzia maumivu na uchovu, na homa kushuka si ushahidi kwamba hali si mbaya. Aspirini usimpe, inaweza kuleta ugonjwa wa Reye unaoharibu ini na ubongo. Angalia pia dalili za hatari: shingo iliyokakamaa, na upele usiofifia ukiubonyeza.

Degedege utakutana nalo mapema. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na mwenzako mmoja aangalie saa. Mengi hukoma yenyewe. Likifika dakika tano, dawa ya kulikata itolewe. Sukari ya damu ipimwe kwa kila mtoto anayetetemeka au aliyepoteza fahamu. Kidole kinachomwa sekunde chache tu, na sukari iliyoshuka huua kimyakimya.

Kwenye kuhara, kijiko kinafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtoto aliyepungukiwa maji kiasi hupewa ORS, yaani maji ya kunywa yenye chumvi na sukari maalumu, mililita 75 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa nne. Mkalishe mama na kikombe: kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, subirini dakika 10, muanze tena polepole zaidi. Kaa naye vile vijiko vya mwanzo, kwa sababu mama akiona matapishi ya kwanza hukata tamaa na kuomba dripu. Dripu nayo uiheshimu. Utafiti wa FEAST wa mwaka 2011, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, ulionyesha kwamba maji mengi ya haraka yaliongeza vifo. Waliokaushwa na kuhara hawakuwamo kwenye utafiti huo, nao wana mpango wao wa maji.

Kikohozi cha kubweka chenye mkoromo wakati wa kuvuta pumzi hutibiwa kwa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, na mtoto asisumbuliwe: usimchungulie koo kwa nguvu, maana kilio kinazidi kubana njia ya hewa.

Mama akikwambia "huyu si mtoto wangu ninayemjua", simama umsikilize, hata kama vipimo vyote viko sawa. Na kabla ya kumruhusu arudi nyumbani, hesabu pumzi upya, andika namba pamoja na saa, kisha mwombe mama akutajie yeye mwenyewe dalili zitakazomfanya arudi usiku huo huo. Akisahau moja, rudieni.