Kabla Hujaingia na Panga Kwenye Mafunjo

Kinamasi kikiwa kikubwa kama hiki chetu cha Dunga, kando ya Kisumu kwenye Ziwa Victoria, mtu mgeni hudhani mafunjo hayana mwisho. Yanao. Ukiyasukia mikeka na ukitaka yaendelee kukulipia karo, jifunze kwanza yanavyokua.

Shina likishakatwa halirefuki tena. Chipukizi hutoka kwenye mzizi mnene uliolala ndani ya tope, kwa hiyo panga lipite juu ya maji na mzizi usiguswe. Chukua yaliyokomaa yangali kijani, maana yakishakauka kichwani huvunjika ukisuka. Machanga yaache. Ukimaliza kipande hicho, hamia kingine na usirudi mpaka mwaka upite. Miezi 6 ikitimia utayaona yamesimama tena, na hapo ndipo tamaa huingia. Ukivuna kwa mwendo huo, kila awamu mashina huja membamba zaidi, na mama wa sokoni akishika mkeka wako anajua papo hapo. Bei utaisikia mwenyewe.

Moto sitaki hata kuusikia. Kiangazi maji yakipungua, wapo wanaochoma ili ng'ombe wapate majani mabichi, au wapate pa kupanda nduma. Siwalaumu kwa kutafuta chakula. Lakini tope likikauka, moto hushuka hadi mizizini, na palipoungua hivyo pana kazi kuota tena.

Wavuvi nao wana lao humu hata kama hawakati shina. Mumi na kamongo wanakaa humu, na samaki wadogo hujibanza kati ya mashina ambako mbuta, samaki mkubwa anayewala, hapendi kuingia, kwa kuwa hewa ndani ya maji hayo ni haba. Udongo unaoteremka na maji ya mvua kutoka mashambani hunaswa humo kabla ya kufika ziwani. Halafu kuna yule ndege wa mafunjo mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano: watalii huja na darubini kumtafuta, na kijana anayejua anapolia hulipwa bila kukata kitu.

Nakuru ziwa lao liko ndani ya hifadhi ya taifa, lina askari. Dunga si hifadhi ya taifa, kwa hiyo mipaka ya kukata tunapangiana wenyewe. Nanyi mkipanga, kaeni kabla ya kiangazi, na msiite wasukaji peke yao. Waiteni wenye ng'ombe na wanaolima pembeni, kwa sababu kiberiti kiko kwao.