Nimechora bloku ya inchi 12, imetoka 11: pateni yangu ya kwanza ya kwilti niiandikeje?

Swali: Shikamoo fundi. Nimeshona kwilti kadhaa (mablanketi ya vipande vya kitambaa vilivyoungwa) kwa kufuata pateni za watu, yaani maelekezo yao ya kukata na kushona, sasa nataka kubuni yangu na kuiandika ili wenzangu nao waishone. Nimechora nyota ndani ya bloku ya inchi 12, yaani mraba mmoja wa kwilti, nikaigawa miraba mitatu kwa mitatu (mmoja wa katikati, minne ya kona, na minne iliyogawanyika pembetatu mbili), nikakata vipande vya inchi 4. Bloku imetoka inchi 11 na ncha za nyota zimemezwa na mshono. Tena sijui nimwambie msomaji anunue kitambaa kiasi gani. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba. Mchoro wako hauna kasoro, ila umekata kwa vipimo vya mchoro. Kwilti hushonwa robo inchi kutoka ukingoni, kwa hiyo kila kipande hupoteza nusu inchi, robo huku na robo kule. Vipande vyako vitatu vimeungwa kwa mishono miwili, na kila mshono umekula nusu inchi. Ndiyo hiyo 11 uliyoipata, na ukiunga bloku hiyo na jirani zake itabaki 10½.

Kuanzia leo kila kipande kipe namba mbili: ya kukata, na ya baada ya kushonwa. Chora kwa namba ya pili, ukimaliza ndipo ugeuze kila kipande kuwa namba ya kukata. Mraba wa inchi 4 unakatwa 4½. Bloku ya inchi 12 inapaswa kupima 12½ kabla ya kuungwa na nyingine, na kipimo hicho kiandike kwenye pateni, kwa sababu ndicho msomaji atakachokipima mezani.

Pembetatu zina hesabu yake, na hapo ndipo ncha zako zilipopotelea. Mraba uliogawanyika pembetatu mbili una mshono wa hanamu, yaani wa kona hadi kona, na mshono huo unadai kitambaa zaidi ya nusu inchi. Hesabu kamili inatoa nyongeza ya inchi 0.854, nasi tunaipandisha hadi 7/8. Kwa hiyo unachukua mraba mmoja wa kila rangi, inchi 4 na 7/8, unaipanga uso kwa uso, unachora mstari kona hadi kona, unashona robo inchi kila upande wa mstari, kisha unakata juu ya mstari. Unapata vipande viwili. Kwa pateni ya kwanza nakushauri uandike inchi 5, halafu umwagize msomaji apunguze hadi 4½ huku mstari wa hanamu wa rula ukilala juu ya mshono. Kitambaa kilichokatwa hanamu huvutika hata kwa pasi tu, na kule kupunguza kunarudisha kila kitu kwenye mstari. Msomaji atapoteza kitambaa kidogo sana, lakini nyota itatoka na ncha zake.

Sasa kitambaa. Tuseme kwilti yako ina bloku 20, nne kwa tano, yaani inchi 48 kwa 60. Vitambaa vingi vya pamba vya kwilti vina upana wa inchi 42 hadi 44, lakini piga hesabu kwa 40. Kingo za kiwandani hukatwa, na vingine hupungua vikifuliwa. Hesabu kwanza vipande, halafu kanda (vipande virefu vinavyokatwa kwa upana mzima wa kitambaa), halafu yadi, wala usianzie kwenye eneo la kwilti nzima, maana eneo halionyeshi mabaki ya mwisho wa kila ukanda.

Uwanja wa nyota yako, yaani kitambaa kinachoizunguka, una miraba 4 ya kona kwa kila bloku, jumla 80. Ukanda wa inchi 40 unatoa miraba 8 ya 4½ (usigawanye ukaandika 8.9, ile sehemu haishoneki), kwa hiyo kanda 10, sawa na inchi 45. Miraba ya pembetatu ni 4 kwa kila bloku, jumla 80, na kila jozi ya miraba inatoa viwili, kwa hiyo inataka miraba 40 ya inchi 5, yaani kanda 5, inchi 25. Jumla ni 70. Yadi 2 ni inchi 72, na hapo msomaji akikosea mkato mmoja amekwisha, hivyo andika yadi 2¼. Kitambaa cha nyota kinahitaji miraba 20 ya katikati, kanda 3, inchi 13½, na za pembetatu 25 kama zile za uwanja. Jumla 38½, andika yadi 1¼.

Bitana iwe kubwa kuliko kwilti kwa inchi 4 kila upande, yaani 56 kwa 68. Upana wa kitambaa hautoshi, kwa hiyo utaunga vipande viwili, na uelekeo wa muungo una faida yake: mshono ukienda kwa urefu wa kwilti unahitaji inchi 68 mara mbili, ukienda kwa upana unahitaji 56 mara mbili. Umeokoa inchi 24 kwa kugeuza tu, nawe andika yadi 3¼. Pindo la kumalizia ni kanda 6 za inchi 2½, nusu yadi inatosha.

Kwenye maandishi, vipande vipe herufi na uzitumie hizo hizo hadi mwisho. Kila hatua imalizie kwa kipimo ambacho kipande kinapaswa kuwa nacho. Eleza pia pasi ilaze mshono upande gani. Katika nyota hii, mstari wa juu na wa chini laza mishono kuelekea kona, na wa katikati laza kuelekea ndani, ili mistari ikikutana mishono ijifunge yenyewe. Weka mchoro wa bloku kabla haijaungwa, kwa sababu pembetatu moja ikigeuzwa vibaya nyota inavunjika, na maneno peke yake hayatamwokoa mtu. Usichanganye inchi na sentimita: robo inchi ni sentimita 0.635, na ukikadiria namba ya kila kipande makosa yanajikusanya. Ukitaka sentimita, chora upya kwa mshono wa 0.75.

Nyota hiyo ni ya jadi na haina mwenyewe, ipange utakavyo, ila maelezo na michoro viwe vyako.

Kabla hujaitoa, mpe mtu aishone ukiwa haupo karibu, na hasa mtu anayeshona polepole. Usimjibu maswali kwa mdomo. Kila atakapokuuliza kitu, nenda ukarekebishe sentensi iliyomfanya aulize, halafu mpe tena ukurasa huo.