Msimuulize mgonjwa, muulizeni anayembebea mkoba

Swali lenu la wiki hii, "Ukienda kukaa kwa mganga wa mitishamba, utarajie nini?", limenigusa panapouma. Nimesoma majibu ya wenzangu mliyoyachapa na wengi wamejibu kama watu wanaojiandaa kwa mapumziko: beba shuka, beba sufuria, jiandae kutapika siku ya kwanza, usile nyama mpaka dozi iishe. Sawa, yote ni kweli. Waganga wanaolaza wagonjwa wana masharti yao, na mgonjwa huja na ndugu wa kumpikia na kumfulia. Lakini mgonjwa anayekwenda huko ameshaamua. Anatarajia kupona, basi, hakuna kingine utakachomwambia akasikia. Wa kuulizwa atarajie nini ni yule anayembebea mkoba. Mimi niliubeba mwaka 2011, kwenda Samunge.

Niseme msimamo wangu mapema ili nisimpotezee mtu muda: usiende. Mgonjwa wako akikuomba umpeleke, mnyime nauli. Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu wote tangu mwaka ule.

Kwa waliokuwa wadogo wakati huo, Samunge ni kijiji cha Wasonjo huko Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapila, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akichemsha mizizi ya mugariga na kuwanywesha watu kikombe kimoja kwa shilingi 500. Alisema ameoteshwa na Mungu. Kikombe kile kilisemwa kinatibu kisukari, saratani, pumu, shinikizo la damu, kifafa na UKIMWI. Unakunywa mara moja tu, pale pale Samunge. Mugariga wenyewe haukuwa mgeni kwa watu wa kule: ni mti mdogo wa miiba, matunda yake meusi yanaliwa, na Wamasai, wanaouita olamuriaki, wamekuwa wakitia mizizi yake kwenye supu tangu zamani. Ila Babu alisema nguvu haiko kwenye mti peke yake. Kwa hiyo aliyeng'oa mizizi akachemsha nyumbani kwake alikuwa amekunywa supu tu.

Shangazi yangu alikuwa mwalimu mstaafu, na sukari alikuwa nayo kwa miaka mingi. Alikuwa mtu wa utaratibu. Vidonge vyake alivipanga dirishani kwa siku, na kadi ya kliniki aliijalidia kwa karatasi ya kaki kama daftari la mwanafunzi. Habari za Babu zilipopamba moto hakuondoka kimyakimya. Alikwenda kliniki, akasubiri zamu yake, akamwambia daktari: nataka kwenda Loliondo, unanishaurije? Yule daktari, sitaitaja hospitali, alicheka mbele ya wagonjwa wengine, kisha akamwambia akishakwenda huko asirudi kwake. Shangazi alitoka pale na kadi yake haijajazwa chochote. Njiani aliniambia, "Baba, yule nimemzidi umri mara mbili." Hakusema zaidi. Kesho yake akanituma nikatafute gari.

Tuliondoka Arusha alfajiri kwenye Land Cruiser iliyojaa, kwa nauli iliyokuwa ikipanda kila wiki. Mpaka Mto wa Mbu ni lami. Pale unakata kaskazini, Engaruka, Engaresero, na Ol Doinyo Lengai unauona muda mrefu kabla hujaufikia na muda mrefu baada ya kuupita. Vumbi liliingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Baadaye mvua ikaanza, na lile vumbi likawa tope lililotushusha sote mara kwa mara, wazima na wagonjwa, tukasukuma. Nyuma yangu alikaa mzee aliyekuwa akikohoa ndani ya kitambaa, na mwanawe akimshika kifua. Pembeni ya Shangazi alikaa binti wa miaka ishirini na kitu, mtulivu, mwenye mkoba mdogo ambao hakuuachia hata alipolala.

Kisha tukaikuta foleni.

Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba foleni ilipita kilomita 20, na mimi niliyekuwa ndani yake siwezi kubisha, kwa sababu sikuwahi kuona mwanzo wake wala mwisho. Magari yalisogea kidogo, yakazima injini, yakalala. Mabasi, malori, pikapu, magari ya wakubwa yenye viyoyozi, magari kutoka Kenya. Helikopta zilipita juu zikiwapeleka wenye fedha, na kila ilipopita moja watu walinyamaza mpaka iende. Vijana wa Kisonjo na Kimasai walipita wakiuza maji na maandazi kwa bei ya kutisha. Choo kilikuwa kichaka, na akina mama walizungushiana kanga. Wengine walikuwa wametolewa wodini na ndugu zao, na si wote waliofika mbele. Hilo nalo liliandikwa. Usiku mmoja gari la tatu mbele yetu lilitoka kwenye mstari, likageuza taratibu, likarudi lilikotoka. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Lakini hapo kwenye foleni ndipo nilipoona jambo ambalo sijaliona tena popote. Watu walitaja magonjwa yao. Huu ulikuwa mwaka 2011, wakati mtu alikuwa akivuka mkoa mzima kwenda kuchukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ili jirani asimwone. Pale mtu alinyoosha miguu nje ya gari, akaomba moto wa kuchemshia chai, akaulizwa, "Wewe mwenzetu nini?" naye akajibu bila kushusha sauti. Saratani ya kizazi. Kifafa cha mtoto. Yule binti wetu alisema, "Mimi ninao," na mzee mwenye kikohozi akamsogezea kikombe cha chai chake mwenyewe. Usiku binti akaomba maji, akafungua ule mkoba, akameza vidonge vyake mbele yetu sote. Shangazi akamuuliza: mbona unameza, na kesho au keshokutwa unakunywa cha Babu? Akajibu kwamba nesi wa kliniki yake alimwambia, "Nenda mdogo wangu, kanywe, lakini hivi usiache hata siku moja, na ukirudi pitia kwangu tupime."

Nilimwona Shangazi akiyatafakari yale maneno. Yeye hakuwa na mtu wa kupitia kwake.

Kunywa kwenyewe kulikwisha kabla sijajua kumeanza. Gari lilifika, sala ikasikika kwenye kipaza sauti, wasaidizi wakapita na vikombe vya plastiki dirishani. Maji ya rangi ya chai, uchungu kidogo, moshi kidogo. Kwa mbali nilimwona mzee mrefu aliyechoka, anafanya kazi. Mwishoni mwa Machi yeye mwenyewe aliomba watu wasije mpaka baada ya tarehe 1 Aprili, maana waliokuwa njiani tayari walikuwa maelfu. Sina neno baya juu yake. Alifariki Julai 2021, na shilingi 500 haikuwa bei ya mtu anayetaka kutajirika kwa mgonjwa mmoja mmoja. Waliotajirika ni wenye magari.

Serikali iliipima dawa ikasema kwa kipimo kile haina madhara, na iliwasihi wagonjwa wasiache dawa za hospitali. Shangazi aliyasikia yote hayo redioni, tukiwa wote sebuleni. Hata hivyo tangu turudi hakugusa tena kidonge. Alijisikia mwepesi, akasema, na nilimwona kweli anatembea vizuri, analala vizuri. Nami nilifurahi naye. Miezi michache baadaye akapata kidonda kwenye kidole cha mguu, akakificha chini ya soksi. Tulipokigundua kilikuwa kimepanda. Walimkata mguu chini ya goti.

Nilipomuuliza wodini nani alimwambia aache vidonge, alinijibu, "Hakuna. Nilichoka mwenyewe. Na ningeenda kumwambia nani?"

Hapa ndipo nilipokuwa nimepanga kuumalizia msimamo wangu kwamba watu wasiende. Ila tangu nianze kuandika namkumbuka yule binti kuliko ninavyokumbuka kidonda. Yeye na Shangazi walikunywa sufuria moja, siku moja. Tulikuwa tumepeana namba za simu, na miaka baadaye alinipigia kunipa pole ya msiba wa Shangazi. Alikuwa na mtoto, bado anameza vidonge vyake, bado anamheshimu Babu. Hakuna ushahidi kwamba kikombe kile kiliponya UKIMWI wa mtu yeyote, naye analijua hilo, kwa sababu alirudi kwa nesi wake akapimwa. Kilichowatenganisha hawa wawili ni mlango wa kliniki. Mmoja aliachiwa wazi, mwingine alifungiwa kwa kicheko.

Kwa hiyo nikijibu swali lenu kwa haki, anayembebea mkoba atarajie haya. Atarajie kwamba mgonjwa wake atajisikia nafuu, hata kama ugonjwa haujasogea, kwa sababu amesikilizwa na amekuwa na watu. Nafuu hiyo ni ya kweli na ndiyo ya kuchungwa zaidi, kwani ndiyo inayomfanya mtu aache vidonge. Atarajie kwamba hakuna kipimo: konzi ya mizizi ya leo si konzi ya kesho, na sufuria ya asubuhi si sawa na ile iliyochemka kutwa mpaka jioni. Kambini kwingine kuna mfungo, na mfungo kwa mwenye sukari anayetumia dawa ni hatari moja kwa moja. Kwingine kuna dawa ya kutapisha na kuharisha, inayotoa maji na chumvi mwilini na kukitoa pia kidonge alichomeza asubuhi. Mlonge na karela zinashusha sukari kweli, na zikikutana na vidonge vya hospitali sukari inaweza kushuka mpaka mtu azimie usiku. Mwenye figo zilizochoka nisingemruhusu anywe kitu ambacho hakuna anayejua kimechemshwa na nini.

Na ajue anakwenda kwa nani. Mtu wa mitishamba si mpiga ramli wa kukutajia jirani aliyekuroga. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, na Baraza lake linalosajili waganga. Kuomba kuona cheti si utovu wa adabu. Muhimbili wana taasisi ya tiba asili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, kwa hiyo si kweli kwamba hospitali na miti ni maadui. Uadui huo unatengenezwa na mtu mmoja mmoja chumbani kwake kwa namna anavyomjibu mgonjwa. Madaktari mnaosoma jarida hili, mgonjwa akikuambia anakwenda kwa mganga, amekupa heshima kubwa. Mjibu kama yule nesi alivyojibu.

Nimeandika kwa urefu kwa sababu swali limenikuta nalo mezani. Mama yangu ana presha, na amesikia habari za mzee mmoja wa mitishamba upande wa Tanga, anayelaza wagonjwa wiki mbili. Ameniomba nimpeleke. Mwezi uliopita nilimkatalia, tena kwa ukali. Leo nimempigia nikamwambia nitampeleka, ingawa bado naamini asingekwenda ingekuwa bora, na kama angekuwa na sukari badala ya presha sidhani kama ningekubali. Nimempa masharti matatu. La kwanza, tunapitia kliniki kabla ya kuondoka na tunamwambia daktari wazi, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo ndani. La pili, vidonge vyake navishika mimi na anameza nikimwona, na kipimo cha presha tunakwenda nacho. Hayo mawili ameyakubali.

La tatu ni kwamba mzee wa watu akimwambia aache dawa za hospitali tunageuza siku hiyo hiyo, hata kama tumeshalipa za wiki mbili. Mama anasema hayo tutayaona huko huko. Nimemwambia hatuondoki mpaka akubali sharti hilo, na mpaka naandika hapa hajanijibu.