Asili ya neno "attorney"

Ndugu, umeuliza kwa nini Wamarekani humwita wakili "attorney" ilhali Waingereza hawafanyi hivyo, na kwa nini "power of attorney" (hati ya uwakilishi) hupewa hata mtu asiyesomea sheria. Naanza na swali la pili, kwa sababu ndilo linalofungua la kwanza.

Neno hilo limetokana na kitenzi cha Kifaransa cha kale, "atorner", kilichokuwa na maana ya kugeuza na pia ya kuteua. Kwa hiyo attorney wa mwanzo alikuwa mtu yeyote aliyeteuliwa kusimama mahali pa mwenzake, awe mjuzi wa sheria au la. Hati ya uwakilishi, ambayo mtu aliye ng'ambo humwandikia mdogo wake ili amuuzie kiwanja, imebaki na maana hiyo kongwe.

Nchini Uingereza, attorney alihudumu katika mahakama za "common law" (sheria iliyojengwa na maamuzi ya majaji), solicitor, aina nyingine ya wakili, katika mahakama ya Chancery (iliyoamua kwa misingi ya haki na usawa), na proctor katika mahakama za kanisa, mpaka sheria ya mwaka 1873, iliyoanza kutumika 1875, ilipowaweka wote chini ya jina la solicitor. Sidhani kama wengi walilililia jina la attorney, maana lilikwisha kunuka ujanja ujanja. Marekani, iliyojitenga karibu karne moja kabla, haikuguswa na mabadiliko hayo. Hata hivyo, Waingereza walikibakiza cheo cha Attorney General, ambacho kwetu ni Mwanasheria Mkuu.