Wakili wa mambo ya shamba: mpe mkataba, uone anaanzia wapi

Ndugu, pole sana. Unasema mwenye ardhi uliyokodi anataka uondoke mahindi yakiwa bado shambani, na mawakili uliowaona wanashughulikia talaka na mirathi tu. Usikate tamaa. Ni wachache wanaojiita mawakili wa kilimo. Ulizia anayeshika kesi za ardhi, ukodishaji na mikataba ya mazao. Viongozi wa ushirika wa wakulima mara nyingi wanajua nani aliwahi kuwasimamia wenzao. Leseni yake ihakikishe kwenye chama cha wanasheria.

Mkikutana, mpe mkataba ausome mbele yako. Akikimbilia tarehe ya mwisho, kipengele cha notisi, na swali la mazao yaliyo shambani ni ya nani, huyo kazi anaijua. Ada muiandike kabla hajaanza.

Ila nakuomba sana, leo hii piga picha za shamba, na kusanya risiti za mbegu, mbolea na kodi ya shamba uliyolipa. Mimi nilichelewa wiki mbili tu. Trekta lililetwa na mwenye shamba likapita juu ya maharage yangu kabla barua ya wakili haijafika.