Wadogo zangu mnaopewa nta muitathmini, anzeni na sehemu ya 3

Faili la nta likitua mezani kwako, hasa kama ndio kwanza umetoka chuo, mkono utakimbilia sehemu ya 12 ya karatasi ya usalama, pale penye mambo ya mazingira. Utakuta imeandikwa kuwa bidhaa haidumu kwenye mazingira, hailimbikani mwilini wala haina sumu ya kutisha. Utanakili, utapeleka kwa bosi, basi. Subiri kwanza. Rudi sehemu ya 3, penye viungo vya bidhaa, utafute namba ya CAS, yaani namba ya utambulisho ya kila kemikali, maana vitu visivyo na udugu wowote vinaingia nchini kwa jina moja tu la nta.

8002-74-2 ni parafini ya kawaida, ile ya mishumaa. 8012-89-3 ni nta ya nyuki, ambayo jirani zetu wa Tabora hawahitaji kufundishwa na mtu. Halafu kuna 63449-39-8. Jina lake rasmi linaanza vizuri tu, nta za parafini na nta za haidrokaboni, kisha inakuja koma, na baada ya koma ndipo linatokea neno kloro. Anayesoma kwa haraka anaishia kwenye koma. Hiyo ni parafini iliyotiwa klorini, inayotumika kwenye mafuta ya kukatia chuma, kwenye rangi na kulainishia plastiki ya PVC. Zile za mnyororo mfupi, kaboni 10 hadi 13, ziliingizwa mwaka 2017 kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zinazodumu kwenye mazingira. Za mnyororo wa kati, kaboni 14 hadi 17, zikafuata mwaka 2025. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Na namba yenyewe ya CAS haikuambii mnyororo ni mrefu kiasi gani, kwa hiyo lazima umuulize msambazaji kwa maandishi.

Ukiwa na shaka na karatasi, kuna kipimo cha zamani kisicho na gharama. Chukua waya wa shaba, uuchome kwenye mwali wa gesi mpaka mwali usionyeshe rangi yoyote. Uache upoe kidogo, uuguse kwenye nta, uurudishe motoni. Rangi ya kijani ikiruka, kuna klorini au ndugu zake humo. Fanya chini ya feni ya kuvutia hewa, maana moshi wake si mzuri. Kipimo hiki hakisemi klorini ni kiasi gani, na mara chache hudanganya, lakini kinatosha kukufanya usisaini kitu siku hiyo.

Sasa tuje kwenye kudumu. Vigezo vinavyonukuliwa zaidi ni vya Umoja wa Ulaya, Kiambatisho XIII cha REACH, sheria yao ya kemikali: dutu inahesabika kuwa ya kudumu kama inachukua zaidi ya siku 40 kupungua hadi nusu kwenye maji baridi, au zaidi ya siku 120 kwenye udongo au kwenye tope la chini ya maji. Watu wengi wanaegemea OECD 301, jaribio la kimataifa la siku 28 la kuona kama vijidudu vinaweza kuila dutu. Nta ikifaulu, yaani vijidudu vikiila kwa 60% au zaidi, mara nyingi suala la kudumu linafungwa. Ikifeli, msikimbilie hukumu. Uliza iliwekwaje kwenye chupa. Kutupia bonge linaloelea juu ni sawa na kumpa mtoto wa miezi sita muhogo mzima, kisha ukaandika kwamba mtoto hapendi kula. Nta hiyohiyo ikisambazwa nyembamba kwenye kioo au kwenye unga laini hutoa matokeo tofauti kabisa. Minyororo iliyonyooka huliwa vizuri. Yenye matawi na pete nyingi huchelewa.

Hapa Kigoma kuna jambo ambalo miongozo ya Ulaya haikutuandikia. Wao husahihisha matokeo yao kwa joto la nyuzi 12. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika ni nyuzi 24 na kuendelea, kwa hiyo vijidudu vyetu vinafanya kazi haraka zaidi, na mtu anaweza kushangilia mapema. Lakini ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na ukishavuka mita 100 hadi 200 hivi hakuna oksijeni. Parafini ya kawaida ni nyepesi kuliko maji, itaelea pale ufukweni Kibirizi iliwe na jua na bakteria. Ile ya klorini ni nzito kuliko maji, inagandia kwenye tope na kushuka nalo. Namba ya juu ya ziwa haina maana yoyote kwa kitu kinacholala chini, na mimi nikiona ripoti imetumia muda wa kupungua hadi nusu kwenye maji kwa dutu ya namna hiyo nairudisha bila kusoma kurasa zinazofuata.

Kulimbikana ndiko kunakowachanganya wengi. Mmefundishwa kwamba log Kow, namba inayoonyesha dutu inapenda mafuta kuliko maji kiasi gani, ikizidi 4.5 ni dalili mbaya. Nta ina log Kow kubwa mno, molekuli nyingi zinapita 10, na programu ya kompyuta itakutolea namba ya kutisha. Ila zikifika huko juu, molekuli hazipenyi vizuri kwenye matamvua wala utumbo wa samaki, na parafini zilizonyooka samaki huzivunjavunja mwilini. Kigezo chenyewe ni kipimo cha samaki: kiasi mwilini kikizidi mara 2,000 ya kilichomo majini, inalimbikana, kikizidi mara 5,000, inalimbikana sana. Kwa dutu isiyoyeyuka, dai jaribio la OECD 305 la kulisha kwa chakula, si la kuogesha samaki kwenye maji ambayo nta yenyewe haimo. Ndilo linalofanana na maisha ya mgebuka, samaki wa ziwa letu anayepata vyake kupitia dagaa.

Sumu nitapita haraka. Ukiona imeandikwa zaidi ya miligramu 100 kwa lita, kumbuka hicho ni kiasi kilichotiwa kwenye chombo. Kilichoyeyuka ni kidogo mno. Dafnia, vile viroboto vya maji vinavyotumika kwenye majaribio, wakifa, angalia kama walinaswa kwenye utando wa juu. Huko ni kunaswa, si kulishwa sumu. Na majaribio ya siku mbili hayajibu kigezo cha sumu cha REACH cha miligramu 0.01 kwa lita, ambacho ni cha athari za muda mrefu.

Nta pia ni mchanganyiko, si dutu moja. Kijenzi kinachofika 0.1% kinaangaliwa peke yake, hasa kwenye nta ya kahawia isiyosafishwa vizuri, inayoweza kubeba haidrokaboni za pete nyingi. Msambazaji akigoma kutoa mchanganuo kwa kisingizio cha siri ya biashara, usijaze kwa kukisia. Andika tathmini imeishia hapo, taja taarifa iliyokosekana, ambatisha barua uliyomwandikia. Bosi atalalamika kuhusu tarehe. Mwache alalamike.