Kitunguu saumu badala ya dozi ya UTI?
Dada, hapo ulipouliza kama utafune tu saumu uachane na dozi uliyopewa ya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, jibu langu ni hapana, maliza dozi. Ila wanaokwambia saumu ni imani tu nao hawako sawa. Ile punje ikiwa nzima wala hainuki sana, ukishaiponda ndo kimeng'enya chake kinakutana na alini, kemikali iliyomo humo kwenye punje, kinatengeneza alisini, hiyo ndo inayoua bakteria, watafiti Cavallito na Bailey waliitenga huko Marekani mwaka 1944 kwa hiyo sio stori za juzi. Shida yake haikai, ukiitia kwenye mafuta ya moto inaharibika, ukiimeza inavunjika haraka haifiki kwenye kibofu ikiwa na nguvu, ndo maana maabara inafanya maajabu alafu kwenye mwili wa mtu mambo yanakuwa mengine kabisa.

Mi kinachonipa matumaini zaidi ni mimea kusaidiana na dawa. Kuna kemikali ya mimea inayoua bakteria inaitwa berberini, bakteria wa stafilokokasi wanaitema nje kwa vipampu vyao, sasa mwaka 2000 watafiti wakaonyesha baadhi ya mimea yenye berberini ina kemikali nyingine inayoziba hivyo vipampu, berberini inabaki ndani inapiga kazi. Hapo ndo pa kuweka hela za utafiti jamani!

We homa ikipanda au kiuno kikianza kuuma usisubiri, rudi hospitali, waombe waoteshe mkojo maabara wajue dawa gani inawaua hao wadudu wako.